Anayeogeshwa Hashikwi Mikono

Siku ile tulikuwa wavulana watano, tunatoka kusagisha mahindi. Kila mmoja alikuwa na ndoo yake ya unga kichwani na vumbi jeupe kwenye nyusi. Njia ya kurudi nyumbani inakatiza mtoni, na sikumbuki mtoto yeyote wa kwetu Matiri aliyeweza kuvuka mto ule saa ya jua kali bila kuvua shati. Tukaweka ndoo kivulini, tukaingia majini.

Mimi nilikuwa darasa la nne, mdogo kuliko wote. Baridi iliponizidi nikatoka, nikakaa juu ya jiwe karibu na nguo zetu. Wenzangu walipotoka, mkubwa wetu, aliyekuwa darasa la saba, akatia mkono mfukoni mwa kaptula yake. Akatia tena. Akaigeuza mifuko yote miwili nje.

"Chenji ya mama haipo," akasema.

Hakuna aliyetaja jina, lakini wote waliniangalia mimi. Nani mwingine alikuwa amekaa karibu na nguo?

Nikasema sijui. Wakanirudisha majini. Wawili walinishika mikono, mmoja kila upande, na mkubwa wetu akanishika kisogo. Mara ya kwanza nilikuwa nimejaza hewa kifuani, nikavumilia. Mara ya pili hawakunipa nafasi ya kuvuta pumzi. Mara ya tatu maji yaliingia puani yakapanda mpaka katikati ya macho, yakichoma kama pilipili. Kifua kikaanza kujigonga chenyewe, kinataka kufunguka, nami najua kikifunguka kitavuta maji. Sikuwaza habari ya hela. Sikumwaza mama wala Mungu. Hapakuwa na wazo lolote kichwani mwangu ila hewa.

Waliponiinua nikasema: "Ni mimi."

"Umeificha wapi?"

"Chini ya mkuyu."

Wakaenda wakachimbua mizizi ya mkuyu kwa vijiti. Hela haikuwapo, na isingekuwapo, maana sijawahi kuigusa. Wakarudi, wakanishika tena. Kabla uso haujafika majini nilitaja jina la mtoto wa mama yangu mdogo. Nikasema nimempa yeye. Ndugu yangu huyo hakuwa nasi mtoni. Alikuwa nyumbani kwao, anageuza kahawa kwenye chanja.

Wakaniachia. Jioni ile ndugu yangu alichapwa fimbo na baba yake kabla hajaulizwa hata swali moja. Siku ya pili asubuhi mwenye mashine akatuma mtoto: yule kijana wa jana amesahau chenji yake juu ya mizani.

Mjomba wangu akatuita sote watano, na ndugu yangu wa sita, akatukalisha barazani. Mkubwa wetu akajitetea. Maneno yake nayakumbuka vizuri kuliko mengi niliyofundishwa darasani:

"Mjomba, hatukumpiga. Mwangalie, hana hata alama. Tulimwogesha tu."

Mjomba alikaa kimya kidogo, halafu akauliza: "Anayeogeshwa hushikwa mikono?"

Hakuna aliyejibu.

Swali hilo nimetembea nalo mpaka leo, na ndilo nitakalolitumia kueleza jambo ambalo watu wakubwa wenye digrii za sheria walilibishania miaka mingi, wakati jibu lake linajulikana kwa yeyote aliyewahi kupaliwa na maji. Mtu akilazwa kwenye ubao, kichwa chini kuliko miguu, akafungwa mikono na miguu, akafunikwa kitambaa usoni, kisha akamiminiwa maji juu ya pua na mdomo mpaka mwili uamini kwamba unakufa, je, hayo ni mateso?

Mwaka 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 11 nchini Marekani, shirika la ujasusi la nchi hiyo, CIA, lilitaka kuwafanyia hivyo mahabusu wake. Wanasheria wa Wizara ya Sheria wakaandika waraka mwezi Agosti, wakasema maumivu ya mwili hayawi mateso kisheria mpaka yafikie ukali wa maumivu ya kiungo kushindwa kufanya kazi, au ya kifo. Kwa kipimo hicho wakaruhusu ubao ule. Mwezi huohuo mtu mmoja, Abu Zubaydah, alimiminiwa maji hayo mara 83. Machi 2003 mwingine, Khalid Sheikh Mohammed, alimiminiwa mara 183. Jina rasmi la yote hayo lilikuwa mbinu zilizoimarishwa za mahojiano. Lisome tena jina hilo taratibu. Humo ndani hamna maji, hamna kamba, hamna mtu anayetapatapa. Ni jina lililooshwa likaanikwa.

Marekani yenyewe ilikuwa inalijua jina la kweli. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mahakama ya kimataifa iliyoketi Tokyo, ambayo Marekani ilikuwa mmoja wa waendeshaji wake wakuu, iliandika katika hukumu yake kwamba askari wa Japani waliwatesa mateka kwa maji, na ikayaweka maji katika orodha ya mateso pamoja na kuchoma na kuning'iniza. Maji yalikuwa yaleyale, na mapafu ya binadamu hayajabadilika tangu hapo. Kilichobadilika ni mkono ulioshika ndoo. Hata waandishi wa habari waliyumba. Gazeti la New York Times lilikaa miaka likizunguka, likiita jambo hilo mahojiano makali, mpaka Agosti 2014 mhariri wake mkuu alipotangaza kwamba kuanzia sasa wataliita mateso.

Msomaji wa huku kwetu Mbinga anaweza kuniambia hayo ni mambo ya Wazungu na Waarabu, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa sababu mmoja wa walioshikwa mikono ni Mtanzania.

Suleiman Abdallah Salim ni Mzanzibari, mvuvi aliyekwenda kutafuta maisha Somalia. Machi 2003 alikuwa bwana harusi mpya mjini Mogadishu. Akakamatwa, akapitishwa Nairobi, akasafirishwa mpaka Afghanistan, katika gereza la siri la CIA ambalo wafungwa waliliita Giza, kwa sababu taa hazikuwashwa. Huko alivuliwa nguo, akalazwa juu ya turubai, akamwagiwa maji ya baridi kali ndoo kwa ndoo huku akipigwa mateke, kisha akaviringishwa ndani ya turubai hilohilo pamoja na maji yake. Akaning'inizwa kwa minyororo. Akafungiwa ndani ya sanduku. Alifika mahali pa kukusanya vidonge vya maumivu alivyopewa ili avimeze vyote kwa pamoja afe.

Zingatia jambo moja. Katika makaratasi ya CIA, alichofanyiwa Suleiman hakikuitwa hata kwa jina la ule ubao. Kiliwekwa kwenye fungu jingine, fungu la "kumwagia maji", lililohesabiwa kuwa jepesi. Hivyo ndivyo majina yanavyofanya kazi. Ukishakubali kwamba ubao si mateso, turubai linakuwa kitu kidogo kabisa, halistahili hata kujadiliwa. Lakini katika gereza hilohilo, Novemba 2002, Mwafghani aitwaye Gul Rahman aliachwa usiku bila nguo ya chini, amefungwa mnyororo sakafuni, akafa kwa baridi.

Suleiman alishikiliwa zaidi ya miaka mitano. Agosti 2008 aliachiwa, akapewa karatasi ya jeshi la Marekani inayosema amebainika si tishio. Miaka mitano ya ujana, na risiti yake ni karatasi moja. Mwaka 2014 kamati ya Seneti ya Marekani ilitoa muhtasari wa uchunguzi wake. Iliwataja watu wasiopungua 119 waliopita katika magereza yale ya siri, na kati yao wasiopungua 26 hawakustahili kushikiliwa hata kwa vigezo vya CIA yenyewe. Mwaka 2015 Suleiman, pamoja na Mlibya mmoja na familia ya Gul Rahman, wakawashtaki wanasaikolojia wawili waliobuni mpango ule, James Mitchell na Bruce Jessen, ambao kampuni yao ililipwa dola milioni 81. Agosti 2017, wiki chache kabla kesi haijasikilizwa, wanasaikolojia wale wakakubali kumalizana nao nje ya mahakama.

Yupo atakayeuliza, na ana haki ya kuuliza: je, kama kuna bomu? Sisi Watanzania hatuna ruhusa ya kulidharau swali hilo. Agosti 7, 1998 bomu lililipuliwa katika ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, wakafa watu 11, na dakika hizohizo jingine likaua zaidi ya 200 Nairobi. Wafu wale wana ndugu. Wana madai. Naomba basi tuwaangalie Watanzania wawili walioshtakiwa kwa damu ile, tuone njia ipi iliwatendea haki wafiwa.

Wa kwanza, Khalfan Khamis Mohamed, alikamatwa Cape Town mwaka 1999. Alihojiwa na wapelelezi wa FBI, akaeleza alichofanya, akafikishwa mahakama ya wazi New York, na mwaka 2001 akahukumiwa kifungo cha maisha. Ushahidi ulisimama mbele ya watu, ukaonekana.

Wa pili, Ahmed Khalfan Ghailani, alikamatwa Pakistan mwaka 2004, baada ya CIA kushika usukani. Akapotelea katika magereza ya siri. Alipofikishwa mahakamani mwaka 2010, waendesha mashtaka walikuwa na shahidi mkubwa, mtu ambaye ilidaiwa alimuuzia baruti. Jaji Lewis Kaplan akamkataa shahidi huyo, kwa kuwa jina lake lilipatikana kutoka kinywani mwa Ghailani akiwa mikononi mwa CIA, chini ya kushurutishwa. Mashtaka yalikuwa zaidi ya 280. Akaonekana na hatia katika moja tu. Moja hilo lilitosha kumpa kifungo cha maisha, lakini katika yale mashtaka ya kuua, shtaka moja kwa kila marehemu wa Dar es Salaam na Nairobi, alisomwa hana hatia. Waliodai wanamshika kwa nguvu zaidi ndio walioiachia haki ya wafiwa ikapita katikati ya vidole.

Wahenga walisema mfa maji hukamata maji. Sisi tunaitumia methali hiyo kwa mtu aliyefilisika au aliyekosa hoja, lakini maana yake ya kwanza ni ile niliyoionja mtoni. Anayezama hachagui cha kushika. Akipewa jina, atalishika. Akiulizwa mahali, atapataja. Mimi nilishika mizizi ya mkuyu, kisha nikamshika ndugu yangu. Mahabusu mmoja, Ibn al-Shaykh al-Libi, aliyepelekwa Misri akateswa, alishika jina la Iraki: akasema Iraki iliwafundisha al-Qaeda silaha za kemikali. Februari 2003 Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Colin Powell, aliyachukua maneno hayo mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kama moja ya hoja za vita. Mwezi uliofuata vita vikaanza. Mwaka 2004 al-Libi akayakana maneno yake. Alisema alichosema ili waache. Naye ndugu yangu alikuwa kwenye chanja, anageuza kahawa, wakati jina lake linatajwa mtoni.

Tusiwanyooshee vidole walio mbali kana kwamba sisi mikono yetu ni mikavu. Machi 3, 1959, katika kambi ya Hola kando ya Mto Tana nchini Kenya, wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa na walinzi mpaka wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema vifo vimetokea baada ya watu hao kunywa maji ya gari la maji. Maji yakasingiziwa. Ilichukua mpaka Juni 2013 serikali ya Uingereza kusimama bungeni na kukiri kwamba Wakenya waliteswa, na kuwalipa zaidi ya 5,000 kati yao. Miaka hamsini na minne kutoka neno "maji" mpaka neno "mateso". Wengi walizikwa kabla neno halijafika.

Uganda, uchunguzi wa Human Rights Watch wa mwaka 2004 ulieleza vyombo vya usalama vilivyomlaza mtu chali, mdomo wazi, chini ya bomba lililofunguliwa. Mchezo huo uliitwa "Liverpool". Jina la timu ya mpira, jina ambalo mtoto huvaa mgongoni kwa furaha.

Na hapa kwetu, mwaka 1976, polisi na maofisa wa usalama waliotumwa kuchunguza mauaji yaliyohusishwa na uchawi Mwanza na Shinyanga waliwakamata watu wengi na kuwatesa, na baadhi wakafia mikononi mwao. Hiyo iliitwa operesheni. Lakini kuna jambo lililofuata ambalo lazima tulisimulie kwa watoto wetu. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Hakumgusa mtu kwa mkono wake. Hakusema vijana wamezidisha, wala hakutafuta jina laini. Alisema kwa kitendo kwamba lililotendeka ni ovu na liko chini ya paa lake. Maofisa kadhaa walishtakiwa na kupatikana na hatia. Miaka minane baadaye Watanzania walimpa Mwinyi nchi nzima aiongoze. Kulitaja ovu kwa jina lake hakukumwangusha.

Nayasimulia haya sasa kwa sababu msimu wa kahawa ukifika huku kwetu Umatengo, unafika na jambo lake. Kahawa huanikwa chanjani usiku na mchana, na wezi hutokea. Mtu aliyepalilia mwaka mzima, akakopa mbolea, akachuma mbuni kwa mbuni, akiamka akakuta chanja tupu, moyo wake unawaka, na sina neno la kumlaumu. Kijana fulani anatajwa. Mgambo wanatumwa. Halafu nyuma ya jengo fulani, usiku, kuna ndoo ya maji na kamba. Kesho yake ukiuliza utaambiwa: tumemhoji kidogo, tumemlainisha, tumemnywesha maji akatapika ukweli. Kiswahili chetu ni kitamu, na utamu huo unaweza kufunika chochote.

Katiba ya nchi yetu, ibara ya 13(6)(e), haina utamu huo. Inasema ni marufuku mtu kuteswa. Haikuongeza "isipokuwa mwizi wa kahawa". Sheria ya Ushahidi nayo inaweka mzigo kwa upande wa mashtaka: wao ndio wanaopaswa kuthibitisha kwamba mtuhumiwa alikiri kwa hiari yake. Kwa hiyo anayemnywesha mtuhumiwa maji anavunja sheria, na pia anamsaidia mwizi wa kweli mara mbili. Kwanza anaharibu kesi. Pili, wakati kijiji kizima kinachimbua mizizi ya mkuyu, kahawa inapakiwa kwenye gari upande wa pili.

Mtu asikudanganye kwa kusema hana alama. Maji hayachubui. Ndiyo maana watesaji wa kila nchi wameyapenda: yanaumiza mtu mzima bila kuacha jeraha la kumwonyesha daktari. Mimi ni mtu mzima sasa, na mpaka leo sioshi uso kwa kuinama kwenye beseni. Nachota kiganjani, nikiwa nimesimama, macho wazi.

Na ndugu yangu? Mjomba alipotutawanya siku ile, nilimfuata nyuma nikitaka kumwambia nisamehe. Alikuwa amerudi kwenye chanja. Fimbo zilikuwa zimemchora miguuni, mistari minne, mitano. Alama zote za siku ile zilikuwa kwake, na maji ya mto yalikuwa yangu. Nikasimama upande wa pili wa chanja, nikaanza kugeuza kahawa pamoja naye. Baada ya muda mrefu akaniuliza, bila kuinua uso: "Kwa nini ulinitaja mimi?"

Sikuwa na jibu wakati ule. Ninalo sasa, na ni hili: sikukutaja wewe, ndugu yangu. Nilitaja hewa, na hewa ikatoka na jina lako.

Funzo ni hili. Ukisikia watu wanabishana waliite jambo jina gani, usianze na kamusi, wala usianze na kosa la anayetendewa. Angalia mikono yake. Anayeulizwa huweza kunyamaza, huweza kusimama akaondoka au akamwita wakili wake. Anayeogeshwa huinua mkono wake mwenyewe akajifuta maji usoni. Ukiona mtu ana maji usoni na mikono yake imeshikwa na wengine, jina unalo tayari. Litaje kwa sauti, hapohapo, kabla hajavuta pumzi ya kumtaja mwingine.